Mgeni wa Ukutani

Jua lilikuwa linaaga fundi alipofika na drili yake begani. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida, kutundika runinga ukutani. Ila runinga hiyo ilikuwa ya inchi themanini na sita, na uzito wake ni wa mtu mzima aliyeshiba.

Fundi huyo alikuwa mwanamke mwembamba, wateja wakimwita Bisibisi. Mwenye nyumba alikuwa mjane, mpishi wa shule, mwenye mikono iliyozoea kunyanyua masufuria ya watoto mia nne.

"Wabebaji wako wapi?" mjane aliuliza.

"Mwenzangu anaumwa. Tuko wawili tu, dada."

"Wawili tunatosha. Ukuta ni ule."

Bisibisi alitazama. Ulikuwepo ukuta mwingine mzuri zaidi, wenye soketi karibu.

"Kwa nini tusiweke huku?"

"Mdogo wangu, nimesema ule."

Haya. Bisibisi alikuwa na mazoea yake kabla ya kutoboa. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, mara tatu, akisikiliza wapi pana tofali na wapi pana utupu.

Ko. Ko. Ko.

Pagumu. Akaweka alama ya penseli, akasogea kushoto.

Ko. Ko. Ko.

Akainua penseli...

Ko. Ko. Ko.

Huyo hakuwa yeye.

Sauti ilitoka ndani ya ukuta, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Na Bisibisi alilelewa vizuri. Kabla akili haijafika, mdomo ulikuwa umeshatangulia.

"Karibu!"

Mjane aligeuka polepole.

"Umesema nini?" alinong'ona.

"Nime... nimezoea tu, dada."

"Miezi saba anabisha kila magharibi. Miezi saba nimefumba mdomo. Wewe dakika tano tu umemkaribisha!"

Kisha, kwa sauti ya chini, akamweleza. Ukuta ule ulipopigwa lipu, shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliomba kuchanganya saruji kwa mkono wake mwenyewe. Alikuja na kifurushi ambacho hakuna aliyeona ndani yake. Mwezi haukuisha, mume akafa. Ukuta ukaanza kubisha. Na kila wiki shemeji huja na maneno matamu: nyumba hii itakushinda, ondoka, niachie mimi. Kesho asubuhi alikuwa aje na kufuli mpya.

"Nataka aikute runinga hapo hapo," mjane alisema. "Kama ukuta una mdomo, nitauziba. Toboa."

Miguu ya Bisibisi ilitaka mlango. Lakini alimtazama mwanamke yule, jinsi alivyosimama, akaona haya kukimbia.

Akatoboa matundu manne. Vumbi lililotoka halikuwa jeupe. Lilikuwa jeusi, bichi, likinuka udongo wa kaburi jipya. Mjane akaibana stendi ya chuma ukutani. Bisibisi akatia mkono mfukoni kutafuta boliti.

Nyuma yao...

Chap. Chap. Chap.

Nyayo zenye maji, sakafuni. Zikasimama. Pumzi ya baridi ikamgusa Bisibisi shingoni.

"Usigeuke," mjane alinong'ona.

Kisha akapaza sauti, ile anayowatolea watoto wanaosukumana kwenye foleni ya chakula.

"Umekaribishwa, umeingia. Sawa! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mimi sina siku mbili za kukulea. Jembe lako ni leo. Shika hapa kati!"

Mjane akaiachia stendi.

Haikuanguka. Kwa hofu, Bisibisi hakujiuliza kwa nini.

"Nyanyua, mdogo wangu. Moja... mbili... tatu!"

Bisibisi aliukaza mgongo, lakini bure. Runinga ilipanda nyepesi kama sinia tupu. Kwenye kioo cheusi aliiona sura yake. Akaiona ya mjane. Na kati yao kichwa cha tatu, kimeinama, kama cha mtu aliyebeba.

Klak. Ikanasa.

Asubuhi, akifua nguo za kazi, Bisibisi alikuta kitu kizito mfukoni. Boliti nne. Zote nne.

Akapiga simu.

"Dada, usikae karibu! Sikufunga boliti! Runinga haijashikwa na kitu!"

Mjane alicheka kidogo.

"Imeshikwa. Shemeji alikuja alfajiri, akabisha hodi. Kabla sijafungua mdomo, akajibiwa kutoka ukutani. Ameacha kufuli mlangoni, na kiatu kimoja."

"Basi nije nifunge?"

"Thubutu! Ukimwondolea kazi, atarudi kuwa mgeni."

Kabla simu haijakatika, Bisibisi alisikia nyuma ya mjane pumzi ya mtu mwingine. Ilikuwa nzito, ya mtu aliyebeba mzigo usiku kucha...

Na aliyeanza kuchoka.