Fomu ya Dada Ukutani

Kila asubuhi kabla ya shule mimi huokota vipande vya nyuzi chini ya cherehani ya mama. Mama ni fundi wa nguo, naye huniita Chiriku kwa sababu mdomo wangu haupumziki. Lakini asubuhi ile nilikuwa kimya, na nyumba ilikuwa imegeuzwa juu chini.

“Fomu yangu jamani!” dada alilia.

Alikuwa amepata nafasi chuo kikuu, wa kwanza katika ukoo wetu. Asingeirudisha fomu kabla ya saa sita mchana, nafasi angepewa mwingine.

Mimi nilijua ilipo. Juzi mwalimu wa hesabu alitupatia takwimu za wanawake walio vyuo vikuu katika nchi tatu, tuchore grafu. Nchi moja mstari ulipanda, ya pili ulisuasua, ya tatu ulilala chini. Sikuwa na karatasi, nikachomoa moja kwenye droo, nikachora upande mtupu bila kuigeuza. Jana mwalimu akaibandika ukutani kwa gundi. Alipoigeuza kuipaka gundi ndipo nilipouona mhuri wa chuo nyuma yake, nikafyata mkia.

“Chiriku, hujaiona?” mama aliuliza.

“Hapana, mama.”

Dada alipekua magodoro, akapekua hata debe la taka, kisha akaketi sakafuni. “Basi tena, mama. Labda si riziki yangu.”

Mama alishika mkasi asikate chochote. Nilitamani ardhi inimeze.

“Nilidanganya,” nikaropoka. “Iko shuleni. Niliichorea grafu ya wanawake wa vyuo vikuu.”

Mimi na dada tulikimbia shuleni. Mwalimu aliibandua taratibu, lakini karatasi ikachanika na mhuri ukabaki ukutani. Bila mhuri fomu haikufaa tena. Mwalimu alipiga simu chuoni, akabembeleza mpaka sauti ikamkauka.

“Aje mwenyewe sasa hivi na vyeti vyake,” walijibu.

Dada alifika chuoni saa sita kasorobo, jasho likimtiririka, akajaza fomu nyingine. Nafasi ikabaki yake.

Jioni mama aliniita. “Karatasi nimekusamehe. Lakini ulimtazama dada yako akilia, ukanyamaza. Mistari yenu ile ya grafu ni watu, mwanangu. Leo nusura umpunguze mmoja, tena wa tumbo moja nawe. Ukikosea, sema papo hapo, wakati bado tuna la kufanya.”