Kisahani Hakiachiwi

Ukumbi wa eksirei Jumatatu asubuhi ulikuwa umefurika. Watu walikaa bega kwa bega kwenye mabenchi, waliokosa nafasi wakaegemea ukuta, na kila mlango ulipofunguliwa shingo zote ziligeuka pamoja. Miongoni mwao alikuwepo fundi vioo mmoja mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, mkono wa kulia ameupakata kwa ule wa kushoto kana kwamba amebebeshwa mtoto wa jirani. Rafiki zake walimwita Kioo, kwa ajili ya kazi yake, na pia kwa sababu walidai hawezi kuficha kitu usoni. Kwa hilo la pili walikosea.

"Mwenye bega!"

Aliyeita alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti la kazi na raba za kijani, nywele zimefungwa kwa kitambaa cha njano. Alifungua mlango kwa mkono wa kushoto, akachukua kalamu kwa mkono huohuo.

"Umeanguka?"

"Hapana."

"Umepigwa?"

"Nani anipige mimi? Nilikuwa narusha kisahani."

Kalamu ikasimama. "Kule uwanja wa nyuma ya matangi ya maji? Kwenye vikapu vya minyororo?"

"Unapajua?"

"Vua shati, simama hapa. Kidevu juu. Vuta pumzi. Shika... shika... Achia."

Alikuwa akiyasema maneno hayo kutwa nzima, kwa wazee na kwa watoto, bila kuyasikia tena. Safari hii alilazimika kugeuka.

"Kaka, nimesema achia. Usinizimikie hapa."

Picha ilipotokea kwenye skrini aliitazama, kisha akamtazama mwenyewe.

"Daktari atakuambia rasmi. Ila mfupa naona mzima. Kilichovunjika ni mtindo wako. Unarusha kwa bega."

"Sasa nirushe kwa nini, kwa sikio?"

"Kwa mguu," alisema, na hakucheka. "Bega likipoa njoo Jumamosi. Ukifika, uliza Shoto."

Mchezo wenyewe ni ndugu wa gofu, ila hauna mpira wala fimbo. Mtu hurusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu cha chuma kilichozungushiwa minyororo, na anayefika kwa mirusho michache zaidi ndiye mshindi. Kioo nguvu alikuwa nazo. Siku nzima alibeba vioo vya madirisha. Umbali ndio hakuwa nao. Alikuwa akitimua mbio, akizungusha mkono kwa hasira, na kisahani kinapaa, kinayumba, kinaangukia kwenye ua wa kushoto.

"Njoo usimame mbele yangu," Shoto alimwambia Jumamosi ile. Alivaa fulana nyeupe na suruali nyeusi, raba zilezile za kijani. "Wewe wa kulia, mimi wa kushoto. Tukitazamana, wewe unakuwa kioo kweli. Fanya ninachofanya."

Alitanguliza mguu wake wa kushoto; Kioo akatanguliza wa kulia. Akaupeleka mkono nyuma taratibu, mgongo ukageukia kikapu; naye vivyo hivyo.

"Mguu wa mbele kwanza. Ukite kama umepigiliwa msumari. Nyonga zizunguke, kifua kifuate. Mkono uje wa mwisho kabisa, kama mgeni anayejua kwamba chakula hakitaliwa bila yeye."

"Mkono wangu hauna adabu hizo."

"Tutaufundisha. Mkono ukiutangulia mwili, nguvu yote inabaki mgongoni, bega linabeba peke yake. Ndiyo maana ulikuja kwangu umejipakata."

Kioo akarusha. Uani.

"Unaachia mapema."

"Nisipoachia kitakwendaje?"

"Kisahani hakiachiwi," Shoto alisema, akambana vidole vyake kwenye ukingo wa kisahani, kimoja kimoja. "Unakishika mpaka mwisho, na mwishoni unakaza zaidi. Mwili ukifika, kinaponyoka chenyewe. Kazi yako ni kushika tu. Kuachia si kazi yako."

Kioo alisikia vidole vya Shoto kuliko somo.

Mwisho wa uwanja ulisimama mlingoti wa taa, taa yenyewe imekufa zamani. Ni wachache waliowahi kuupita.

"Siku ukiupita ule, nitakupikia chakula ule mpaka usinzie," alisema Shoto.

"Na nisipoupita?"

"Ufurahi. Faida ya kurusha vibaya, mwenzangu, ni kwamba hutembei sana kukifuata."

Bega likapona, masomo yakaendelea. Kutoka Jumamosi wakahamia na Jumapili, kutoka uwanjani wakahamia kwenye simu. Karakana ya vioo ilikuwa na meza ndefu iliyofunikwa zulia, rafu za vioo vilivyosimamishwa wima, na mlangoni alikaa dada yake Kioo, ambaye alipokea wateja na kumsimamia ndugu yake kwa mdomo.

"Wifi yangu wa mionzi amepiga tena. Nimemwambia uko unakata kioo. Utamuoa lini?"

"Dada, jamani."

"Chelewa chelewa..."

"...utamkuta mwana si wako. Najua. Mwenzio nafundishwa kuchelewa. Mkono uje wa mwisho."

"Kwenye kisahani! Sijakuambia ndoa nayo uirushe!"

Dada alikuwa na methali hiyo mdomoni kama pipi, na Kioo aliizoea kama mtu anavyozoea sauti ya mashine. Alikusudia kuoa. Jambo ambalo hakumwambia dada, wala Shoto, ni kwamba alikuwa na hofu moja, na hofu hiyo ilitoka kwa mama yao.

Marehemu mama alikuwa mwalimu. Aliwahi kuitwa kuongoza shule katika mji mwingine, na baba akasema hapana, mke wangu haendi popote. Mama hakwenda. Aliishi na baba miaka yote iliyobaki kwa heshima, akimpakulia, akimfulia, na kila alipofunga dirisha la jikoni alisema polepole, "Saa hizi ningekuwa nagonga kengele." Kioo alikua akilisikia dirisha lile likifungwa. Alijiapia kwamba yeye hatamshika mtu.

Simu ilikuja mchana, akiwa na kioo cha dirisha mikononi. Dada akaibana kati ya bega na sikio la Kioo.

"Kioo wangu, umekaa?"

"Nimesimama, mpenzi, nimebeba mali ya watu."

"Iweke chini kwanza." Shoto akavuta pumzi. "Nimepata ile nafasi niliyoomba. Hospitali kubwa, ng'ambo ya mpaka. Mafunzo ya mashine mpya, halafu kazi. Miaka mitatu. Wanataka jibu leo."

Kioo alikilaza kioo juu ya zulia. Alikilaza vizuri sana.

"Hongera," alisema.

"Bado sijakubali. Nimeona nikuulize wewe kwanza. Nikienda, una neno?"

Maneno alikuwa nayo tele. Alikuwa na nitakusubiri, na nitakufuata, na tuoane kabla hujaondoka. Yote aliyapima, na kila moja aliliona lina umbo la mkono wa baba yake.

"Sina neno."

"Huna neno?"

"Sina neno kabisa. Nenda, mpenzi."

Sina neno ni jibu la baraka: sina kipingamizi, njia nyeupe. Hivyo ndivyo alivyokusudia. Lakini maneno hayo yana pia maana yao ya juujuu, na hiyo ndiyo iliyomfikia mwanamke aliyesimama kwenye korido ya eksirei, simu ameishika kwa mikono miwili. Alikuwa amejiandaa kuzuiwa, ajitetee, wagombane kidogo, kisha wapange. Hakuwa amejiandaa kwa mtu asiye na la kusema.

"Sawa," alisema. "Ahsante kwa kunirahisishia."

Kioo akadhani ameshukuriwa.

Siku ya safari alimsindikiza mpaka kituoni. Shoto alivaa koti la kijivu na kitambaa chake cha njano. Alimwachia kisahani chake cha rangi ya chungwa, ukingo umelika pale dole gumba linapokaa. Walikumbatiana katikati ya watu na mabegi, na Kioo, akimfikiria mama yake, alikuwa wa kwanza kulegeza mikono.

Mwanzoni walipigiana kila siku.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula. Bega?"

"Zima. Baridi?"

"Ipo."

Kioo hakumuuliza atarudi lini, asije akamfunga. Shoto hakumwambia kwamba analia bafuni, asije akaonekana anang'ang'ania mtu aliyekwisha kumruhusu. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Simu zikawa za mwisho wa wiki, halafu za mwisho wa mwezi, halafu ujumbe wa heri ya mwaka mpya, wenye maua ambayo hutumwa kwa kila mtu.

Uwanjani hakuwa na wa kusimama mbele yake. Alikuwepo mteja mmoja, mwenye saluni, aliyeagiza kioo kirefu cha ukutani na hakurudi kukichukua. Jioni, dada akishaondoka, Kioo alisogeza meza, akasimama mbele ya kioo hicho na kisahani mkononi. Hakuwa amefikiria atakachokiona. Ndani ya kioo, mtu wa kulia huwa shoto. Alitanguliza mguu, na mbele yake mtu akatanguliza mguu wa kushoto. Alipeleka mkono nyuma, na mkono wa kushoto ukaenda nyuma, polepole, vilevile. Mtindo ulikuwa wa mwanamke yule, umevaa mwili wake.

Akakigeuzia kioo ukutani. Kesho yake akakigeuza tena, maana hakuwa na mwalimu mwingine.

Mguu ukajifunza kutangulia. Mkono ukapata adabu. Kwenye ua wa kushoto hakikuangukia tena kitu. Wachezaji wenzake walimuuliza siri, naye aliwaambia ukweli mtupu, "Nashika mpaka mwisho," wakadhani anawafanyia kejeli.

Mwaka wa tatu ulipokuwa unaisha, alasiri moja, dada alikuwa wa kwanza kuuona mlango ukifunguliwa.

"Karibu, wi—" alisema, akainuka. Kisha akaona. Shoto alivaa gauni pana la bluu na viatu vya wazi. Nywele alikuwa amezikata. Na tumbo lilikuwa limemtangulia kuingia. Kidole kilikuwa na pete. Dada alikuwa na methali ya kumtosha ndugu yake kwa maisha yake yote, na siku hiyo aliimeza.

"Karibu, mdogo wangu," alisema. "Kaa, usisimame."

"Sikai, dada. Tumekuja kumsalimia mama yangu, kesho tunarudi." Akamgeukia Kioo. "Twende uwanjani kidogo. Kama una nafasi."

"Ninayo."

Walikwenda kwa mwendo wa tumbo. Uwanja ulikuwa mtupu, minyororo ya vikapu ikigongana kwa upepo.

"Nikuulize kitu," Shoto alisema, "na leo unijibu yote."

"Uliza."

"Siku ile nilikuuliza una neno. Kwa nini hukuwa nalo?"

"Sikuwa na kipingamizi. Nilisema sina neno."

Shoto alisimama. Alimtazama kama alivyowahi kuitazama ile picha ya bega, akitafuta mahali palipopasuka.

"Mimi nilisikia huna la kuniambia."

Hapo ndipo Kioo alipomweleza habari za mama, na shule, na dirisha la jikoni. Alieleza kwa ufupi, kama mtu anayetoa vipimo. Shoto alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya tumbo.

"Ungeniambia hivihivi," alisema.

"Ningekuwa nimekushika."

"Ungenishika, ndiyo. Ningekwenda vilevile, Kioo." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ila ningerudi."

Upepo ukatulia, na minyororo nayo ikanyamaza. Kioo hakuuliza habari za mume. Mume huyo alikuwa mtu mwema, ilionekana kwa jinsi Shoto alivyonawiri. Hilo nalo lilikuwa ukweli, na ukweli Kioo hakuwahi kubishana nao.

"Kisahani changu unacho bado?"

Kioo akakitoa kwenye mkoba aliokuja nao.

"Rusha nikuone."

"Simama mbele yangu."

"Mimi? Kiuno hiki kizunguke kiende wapi?"

"Usizunguke. Simama tu."

Akasimama, mguu wa kushoto mbele. Kioo akatanguliza wa kulia. Mbele yake, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, hapakuwa na mtu wa kioo.

"Vuta," alisema Shoto kwa sauti yake ya kazini. Mgongo ukageuka, mkono ukaenda nyuma.

"Shika... shika..."

Neno la tatu hakulisema. Mguu ulikita, nyonga zikaja, kifua kikaja, na mkono ukaja wa mwisho kabisa. Kisahani kiliponyoka kwa sauti ya kitambaa kinachochanika. Kilikwenda chini, kikainuka polepole, kikaupita mlingoti wa taa kwa juu, na kikaendelea kana kwamba kilikuwa na safari yake nyingine.

"Kimepita," Shoto alinong'ona. "Umekipatia, Kioo. Umekipatia kabisa."

"Uliniahidi chakula."

Akacheka, na kicheko kikamkatikia njiani. Simu ikalia ndani ya mkoba wa Shoto.

"Naam, mpenzi," alisema kwenye simu, akimgeuzia Kioo ubavu. "Nipo njiani. Nakuja."

Akampa Kioo mkono, ule wa kushoto. Kioo akaupokea, akaushika, na hakuachia. Alishika mpaka Shoto alipopiga hatua, na hatua nyingine, na vidole vyake vikaponyoka vyenyewe, kimoja kimoja.

Gauni la bluu lilifika getini, likapotea. Kioo akageukia upande wa pili. Huko mbali, kupita mlingoti, nukta ya rangi ya chungwa ilikuwa imelala majanini. Shoto alimfundisha faida ya kurusha vibaya. Gharama ya kurusha vizuri hawakuwahi kuizungumza. Akaanza kutembea kukifuata, na kulikuwa mbali.