Tundu la Tatu

Taa ya tundu la tatu ilikuwa inawaka, na tundu lenyewe halikuwa na waya.

Mwanaheri aliiona mchana, dukani kwao Lushoto mjini, ukungu umeziba dirisha. Akasema ni macho. Tangu amzike mumewe, Ismaili, wiki sita nyuma, macho yake hayakuwa na kazi nyingine ila kulia.

Seva ya duka la intaneti ilikuwa na kadi tatu za mtandao, kila moja na tundu lake la waya, zote sura moja: moja ya laini ya nje, moja ya kompyuta za wateja. Ya tatu Ismaili aliifunga kwa ajili ya waya wa kwenda nyumbani, mkewe afanye kazi karibu na jiko. Akaufuata waya huo Mombo. Wakati wa kurudi gari likaanguka kwenye kona. Waya ukafika, yeye hakufika.

Kujua tundu lipi ni lipi ilikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja huandika amri ya kupepesa taa ya kadi, mwenzake, ameinama nyuma ya meza, akiiona husema, "Hii hapa." Walifanya hivyo miaka mitatu kwa sababu Ismaili alikuwa mvivu wa kubandika alama. Marehemu au si marehemu, ukweli ndio huo.

Siku hiyo Mwanaheri alikuwa amechomoa nyaya zote ili afagie. Alipotaka kuzirudisha akaketi, akaandika amri, akauliza kwa mazoea:

"Ipi?"

"Hii hapa, Mwanaheri."

Ikaja harufu ya udongo mbichi, ule wa kaburi kabla haujakauka, ikapanda kutoka chini ya meza, ikamzunguka miguu, magoti, kifua, na katikati yake kulikuwa na harufu ya sabuni aliyokuwa akimfulia mashati, mpaka akashindwa kujua kama ni hofu au ni hamu.

"Chomeka waya wangu, nije nyumbani."

Aliuchukua waya, tope la ajali bado limeganda. Akainama.

"Unaongea na nani?" Ilikuwa sauti ya Bi Rukia, mama wa marehemu, kapu la chakula mkononi.

"Ismaili, mama," alinong'ona.

"Mama, mwambie achomeke," sauti ikasema.

Bi Rukia akatua kapu taratibu. "Mwanangu hajapata kunisemesha bila shikamoo. Hata malaria ilipompanda kichwani aliniamkia. Huyo jini. Ng'oa hiyo kadi!"

"Mama, ni sauti yake!"

"Sauti, ndiyo. Adabu iko wapi?"

Mwanaheri akazima umeme, akafungua skrubu, sauti ikimbembeleza kwa jina la chumbani ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na kila uzi wa skrubu ulipolegea aliona anamzika tena, safari hii kwa mikono yake mwenyewe, hadi kadi ikachomoka na duka likanyamaza. Bi Rukia, akisoma Ayatul Kursi, akaifunga kwenye pindo la kanga. Wakashikana, wakalia.

Kisha ndani ya pindo taa ya kijani ikapepesa.

"Shikamoo, mama," ikasema, kwa upole, kama kijana aliyetoka safari.

"Usiitikie!" Mwanaheri akalia.

Bi Rukia akalikumbatia lile pindo kifuani.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Twende nyumbani."