Si Mlango, Mama

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Kitinda aliketi kwenye kigoda kando ya cherehani ya mama yake. Kazi yake ilikuwa kushona vifungo, kukata nyuzi zilizoning'inia na kuwaambia wateja wenye haraka kwamba nguo zao zi karibu kwisha. Mama alikuwa fundi hodari, lakini kwa ahadi alikuwa kama mafundi wengine wote. Dada, aliyesoma sekondari, ndiye aliyepika.

Siku hizo simu ya Dada ikilia, aliacha mwiko sufuriani akakimbia. Mpigaji alikuwa Kapteni, mvulana wa darasa lake aliyeongoza timu ya mpira. Alitaka kujua Dada yuko wapi, yuko na nani, anacheka nini. Alijua hata neno la siri la simu yake. Alimkataza kwenda kwaya, kisha akamkataza kuzungumza na rafiki wa dawati lake. Kitinda alimwonea dada yake wivu. Aliwasimulia wenzake jinsi Dada anavyopendwa, nao wakakubali kwamba huo ndio upendo wenyewe.

Kisha Dada akaomba sare yake iwekewe mikono mirefu. Mama alishangaa, maana joto lilikuwa kali, lakini alikuwa ameshikwa na mapazia ya mteja, hivyo akamwambia Kitinda ampime. Utepe ulipomgusa juu ya kiwiko, Dada alishtuka. Kitinda akapandisha kitambaa, akaona alama nyeusi za vidole.

"Zilikuwa hasira tu," Dada alinong'ona. "Mimi ndiye niliyemuudhi. Ukimwambia mama, usiniite dada tena."

Kitinda akafunga mdomo. Lakini aliiwaza siri ile hata darasani mwalimu alimwita asisikie. Hakuna mtu aliyempenda kama dada yake, na aliogopa kumpoteza.

Juma lililofuata Dada alirudi kutoka shuleni mdomo umevimba. Mama alipouliza kulikoni, alijibu kwamba amejigonga mlangoni.

Cherehani ikanyamaza. Mama alimtazama Dada, uso umemsawijika. Kitinda akainuka kigodani.

"Si mlango, mama," alisema. "Ni Kapteni. Anampiga."

Dada alimtupia jicho la chuki, akaingia chumbani na kujifungia. Mama akamfuata, akaketi sakafuni nje ya chumba na kulia waziwazi.

"Baba yenu alipokuwa akiishi nasi na kunipiga, niliwaambia majirani nimejigonga mlangoni," alisema. "Wewe ulikuwa umesimama palepale unanisikiliza. Nilidhani nawafichia aibu. Kumbe nilikuwa nakufundisha kuvumilia."

Ilichukua muda mrefu Dada kufungua.

Asubuhi walikwenda zahanati, kisha kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Mwalimu hakumuuliza Dada alifanya nini hata akapigwa. Alimsikiliza na kumwamini. Polisi waliarifiwa, wazazi wa Kapteni wakaitwa, na Kapteni akasimamishwa shule. Mwalimu alimweleza Dada kwamba anayempenda mtu hamlindi kama mfungwa wala hamtii hofu, na kwamba kosa la kupiga ni la aliyepiga. Tangu hapo Dada alikwenda kuzungumza naye kila wiki.

Hata hivyo, nyumbani hakumsemesha Kitinda. Walilala kitanda kimoja wakipeana migongo. Kitinda alijua amefanya jambo la haki, na bado lilimuuma.

Jumamosi moja, wakianua nguo uani, Dada alisema bila kumtazama, "Mimi nilimwona mama akipigwa miaka yote ile. Sikumwambia mtu. Wewe uliwezaje?"

Mama, aliyekuwa amewasikia, akaja akampokea Dada kapu la nguo.

"Ulikuwa mtoto, mwanangu," alisema. "Kutafuta msaada ilikuwa kazi yangu, nami nilichelewa. Mtu akiumizwa, msimtunzie siri. Mwambieni mtu mzima mnayemwamini, na asipowasikiliza, mwambieni mwingine."

Dada alinyoosha mkono, akamvuta Kitinda kifuani.

"Niite dada," alisema, na wote watatu wakalia pale kambani, nusu ya nguo zikiwa bado hazijaanuliwa.