Kasuku Aliyemeza Kitabu

Mtaa mzima ulimwita Fundi, na fundi kweli alikuwa. Suruali aliyoikata yeye ilimkaa mtu kama amezaliwa nayo. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ya kukatia na pasi nzito ya kuumiza mkono. Ukutani alipigilia misumari. Kwenye kila msumari ulining'inia uzi mrefu wenye mafundo, na mwisho wa uzi kipande cha kitambaa cha mteja.

Huo uzi ndio uliokuwa daftari lake. Mteja akija, Fundi hakuandika namba. Alimpima kwa uzi. Akafunga fundo la bega, fundo la kiuno, fundo la mguu.

"Fundi, dunia imekwenda mbali. Nunua tepu," wateja walimtania.

"Tepu ni ya wanaojifunza," alijibu.

Watu wakadhani ni maringo tu ya kifundi. Wapi! Tepu alikuwa nayo, imelala kwenye droo. Shida ni kwamba akiandika kiuno thelathini na sita leo, kesho anasoma sitini na tatu. Siku moja alimshonea bwana mmoja mwembamba suruali ya kuingia watu wawili. Tangu siku hiyo, ni uzi tu.

Na karatasi je? Akipewa karatasi, Fundi alijipapasa mifukoni. "Loo, nimesahau miwani," alisema. Miwani yenyewe hajawahi kuinunua. Mkewe alikaa pembeni akishona vifungo na kuandika risiti. Aliipokea ile karatasi na kuisoma kwa sauti, bila kuuliza neno. Alijua siku nyingi, ila alimsitiri mumewe.

Walikuwa na binti mmoja wa miaka kumi. Walimwita Kasuku. Akisikia jambo mara moja, alilirudia lote, pamoja na kikohozi cha msemaji. Taarifa ya habari ya jana angekusimulia neno kwa neno. Lakini mpe kitabu sasa. Herufi zilimchezea shere. Neno alilolisoma juu ya ukurasa, akilikuta chini, limekuwa geni. Alikuwa amekwisha kurudia darasa la tatu mara moja.

Jumamosi moja Kasuku alitoa barua kwenye mkoba. Ilikuwa imekunjwa mpaka ikawa ndogo kama kifungo. Mama yake akaikunjua, akasoma. Mwalimu wa darasa aliandika kwamba mtoto bado hajui kusoma. Mwaka ukiisha hivi, atabaki darasa la tatu kwa mara nyingine tena.

"Nikibaki tena, siendi shule," Kasuku alisema. "Wananiita bibi wa darasa. Nitakaa hapa nishone vifungo."

"Utakwenda shule," baba yake akafoka. "Huo ni uvivu."

"Si uvivu, baba. Mimi ni mjinga tu."

Alisema kwa upole, kama mtu anayetaja siku ya wiki. Maneno hayo hayo aliyasema Fundi mwenyewe akiwa na umri huo, kisha akaacha shule. Akainama, akakanyaga cherehani ingawa hapakuwa na kitambaa chini ya sindano.

Wakati huo aliingia muuguzi, jirani yao, kuchukua sare yake. Aliwakuta wote watatu wamenuna.

"Kulikoni? Nani kafiwa?"

Mama akampa barua. Muuguzi akaisoma, akavuta kiti.

"Macho yake yamepimwa?" aliuliza.

"Yamepimwa. Ni mazima."

"Na masikio?"

"Huyu? Anasikia hata tusiyotaka ayasikie," mama akajibu. Kasuku akatabasamu kidogo.

"Basi mpelekeni kwenye kile kituo cha kupima watoto. Yuko mtaalamu wa saikolojia. Anaangalia mtoto anavyofikiri, anavyokumbuka, anavyosoma na kuandika."

Fundi akainua kichwa. "Shemeji, mwanangu si mwendawazimu."

"Nani kasema ni mwendawazimu? Hebu niambie. Wewe unaweza kumkatia mtu koti kwa kumwangalia tu anapita barabarani?"

"Siwezi. Lazima nimpime."

"Haya. Na mwalimu naye hawezi kujua mtoto amekwama wapi kwa kumwangalia tu. Tumekaa hapa, mmoja anasema uvivu, mwingine anasema ujinga. Sote tunabahatisha."

Wakapata miadi baada ya wiki mbili. Na hapo ndipo Fundi alipofanya kosa. Kosa la mapenzi, lakini kosa.

Yeye alisikia neno kupimwa, akaelewa mtihani. Na mtihani aliujua vizuri, maana ndio uliomtoa shuleni. Akaapa kwamba binti yake hatafeli. Akamwomba mkewe asome kitabu cha darasa la tatu kwa sauti kila asubuhi, Kasuku asikilize. Kilikuwa na hadithi ya kijiji kilichochimba kisima. Wiki ya kwanza haikuisha, Kasuku alikuwa amekimeza kitabu kizima, mpaka na mahali pa kufunua ukurasa.

"Baba Kasuku, hapa tunamdanganya nani?" mama aliuliza.

"Tunamwokoa mtoto. Wewe soma tu."

Siku ikafika. Mama alibaki dukani, Fundi akampeleka binti yake. Chumba cha mtaalamu kilikuwa na meza fupi, vipande vya mbao vya rangi, na penseli zilizochongwa vizuri. Mtaalamu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Kasuku alimng'ang'ania baba yake mkono. Basi Fundi akaruhusiwa kukaa karibu na mlango kwa muda.

"Daktari, usimchome sindano," Fundi alisema, akijaribu kucheka.

"Mimi si daktari wa sindano, baba. Hapa tunazungumza na kucheza michezo ya kufikiri. Kasuku, umekuja na kitabu? Nisomee kidogo, tuzoeane."

Kasuku akafungua. Akasoma kama maji yanayotiririka. Fundi kifua kilimtanuka. Lakini kurasa mbili zilishikana, zikafunuka pamoja. Kasuku aliendelea tu. Mdomo ulisimulia watu wanavyochimba kisima, na kitabuni palikuwa na picha ya watu wanaoteka maji. Hata Fundi aliona. Jasho likamtoka.

Mtaalamu hakukasirika. Aliweka kidole kwenye picha. "Hadithi hii unaijua vizuri sana. Nani alikusomea?"

Kasuku akafunga kitabu. Machozi yakaanza kumlengalenga.

"Usimlaumu baba," alisema mwishowe. "Baba ana akili. Mama pia ana akili. Mimi peke yangu ndiye mjinga nyumbani."

Hapo Fundi alikwama. Angeweza kunyamaza. Miaka yote alinyamaza, na hakuna aliyemcheka. Lakini mtoto alikuwa anajitukana mbele yake ili kumlinda, naye aliona aibu kuliko siku yoyote aliyopewa karatasi. Akapiga moyo konde.

"Mwanangu, nisikilize," alisema. "Miwani sina. Sijawahi kuwa nayo. Huwa nasema hivyo kwa sababu sijui kusoma. Herufi zinanichanganya kama zinavyokuchanganya wewe. Na kukukaririsha hiki kitabu lilikuwa wazo langu."

Kasuku akamkazia macho. "Wewe, baba?"

"Mimi."

"Lakini wewe ni fundi."

"Ndiyo. Na kusoma sijui."

Mtaalamu akakiweka kitabu kando. Kisha akasema, "Ahsante, baba. Hayo uliyosema yamenisaidia sana. Mara nyingi shida ya namna hii hupita katika familia. Na hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Mtoto akikariri, mimi nitapima kukariri kwake. Nikidanganyika, nitaandika kwamba hana shida, na hapo hatapata msaada."

Fundi akatikisa kichwa. Alikuwa karibu kumfungia binti yake mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Upimaji ulichukua asubuhi mbili, na mapumziko katikati. Kasuku alipanga vipande vya mbao kufuata michoro. Alirudia namba alizozisikia. Alieleza maana za maneno. Alitenganisha sauti za neno, moja baada ya nyingine, na hapo akatatizika. Alisoma maneno ambayo hakuna aliyemkaririsha, na hapo akatatizika zaidi. Mtaalamu alizungumza pia na mama, na akamwomba mwalimu maelezo.

Siku ya majibu walikwenda wote watatu.

"Binti yenu ana akili nzuri," mtaalamu alisema. "Kwenye vipande vya mbao aliwapita wengi wa umri wake. Kumbukumbu ya hadithi, ndiyo usiseme. Shida yake iko sehemu moja: kuunganisha herufi na sauti zake. Si ugonjwa. Si uvivu. Si ujinga. Ubongo wake unahitaji kufundishwa kusoma kwa njia nyingine."

"Njia gani?" mama aliuliza.

"Sauti moja baada ya nyingine, bila haraka. Aione herufi, aitamke, aichore kwa kidole. Kila siku kidogo. Shuleni asomewe maswali, na aongezewe muda wa kuandika. Yote nimeyaandika kwenye ripoti ya mwalimu. Na kurudia darasa kwa kufundishwa vilevile hakutamsaidia."

Kasuku aliuliza swali moja tu. "Kwa hiyo mimi si mjinga?"

"Hapana."

"Na baba?"

Mtaalamu akamgeukia Fundi. "Watu wazima nao hupimwa. Hujachelewa, baba, ukitaka."

Fundi alitaka. Ilimchukua mwezi mzima kusema ndiyo, maana utu uzima nao una kiburi chake. Alipopimwa, majibu yalifanana na ya binti yake. Alitoka nje akakaa kwenye benchi, akalia. Miaka zaidi ya ishirini alikuwa amejibeba kama mjinga, kumbe hakuna aliyewahi kuangalia amekwama wapi. Mkewe alikaa kando yake. Hakumharakisha.

Mwalimu wa darasa aliisoma ripoti mara mbili. "Nami nilidhani hajitumi," alikiri. Akamkalisha Kasuku mbele. Akawa anamsomea maswali, na kumfundisha sauti kila siku baada ya vipindi, pamoja na wanafunzi wenzake wawili. Kumbe nao walikuwa wanahangaika kimya. Fundi akajiunga na darasa la watu wazima, siku mbili kwa wiki. Jioni baba na mwana waliketi kwenye meza ya kukatia, wakichora herufi kwa chaki ya kuchorea vitambaa na kubishana.

"Hiyo ni 'b', baba."

"Ni 'd'."

"Baba, tumbo liko upande gani?"

"Ah, hiyo ni 'b'. Umenishika."

Si kwamba mambo yalinyooka kwa siku moja. Kuna wiki Kasuku alitupa penseli. Kuna siku Fundi alikataa kwenda darasani, akasingizia kazi. Lakini walirudi.

Mwaka ulipoisha, Kasuku alikuja dukani na barua. Mama akanyoosha mkono kuipokea, kama kawaida yake. Fundi akamwahi.

"Leo niachie mimi."

Wateja wawili walikuwepo. Fundi hakuwajali. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Mwa... na... fu... nzi. Mwanafunzi. A... me... fa... u... lu." Akapumua. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Mteja mmoja alitaka kumsaidia, mama akamwonyesha kwa mkono anyamaze. "Amefaulu. Ku... ingia. Kuingia da... rasa. Darasa la... nne."

Akasoma tena toka mwanzo, safari hii haraka kidogo. Kisha akamtazama binti yake.

"Kasuku, umefaulu. Umeingia darasa la nne."

Kasuku alikuwa anajua. Barua ile alikwisha kuisoma mwenyewe njiani, mara tatu, akisimama kila alipokwama. Lakini hakusema. Alitaka asomewe na baba yake.