Isaro Hayumo kwenye Daftari la Wapiga Kura

Jumamosi asubuhi Isaro alirudi nyumbani kutoka kazi yake kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alibandika maharage, akaketi na simu. Uchaguzi ulikaribia hapa Columbus, Marekani, naye alitaka kujua kituo chake cha kupigia kura. Akaandika jina lake na tarehe ya kuzaliwa kwenye tovuti ya uchaguzi.

Jina halikupatikana.

Akajaribu tena. Hakuna.

Kwao, milimani Kivu ya Kusini, Kongo, watu waliambiwa si raia, kisha nyumba zao zikachomwa.

"Ezéchias! Wameondoa jina yangu!"

Mumewe alifunga pazia kabla ya kujibu. "Bon, nyamaza. Usiulize mtu. Watatuingiza mu matatizo."

Isaro hakutulia. Alikwenda kwa jirani yao Claris, Mkenya ambaye kila uchaguzi hufanya kazi kituoni.

"Dada Claris, donc mimi si raia tena?"

"Wewe ni raia, Mama Mizero," Claris alimjibu Isaro. "Mara ya mwisho ulipiga kura lini?"

"Miaka saba imepita. Mara moja tu. Kazi ni mingi."

"Na kuna kadi ililetwa na posta, ya kuuliza kama bado unaishi hapa?"

Isaro akakumbuka. Aliitupa pamoja na matangazo ya maduka.

"Ni hiyo. Hapa Ohio, ukikaa miaka mingi bila kupiga kura, na hujajibu kadi, wanakufuta. Mzigo wote ni wako. Majimbo mengine, ukichukua leseni ya udereva, ofisi inakuandikisha yenyewe. Hata sisi tunaweza kudai sheria kama hiyo."

"Nimechelewa?"

"Mwisho wa kujiandikisha ni Jumatatu. Lete leseni yako."

Isaro aliandika namba za leseni kwenye tovuti ileile. Alipomaliza, aliangalia mara tatu kama zimeingia.

Kesho yake, baada ya ibada, alisimama mbele ya kanisa zima. "Angalieni majina yenu leo. Msingoje." Watu tisa walikuta wamefutwa. Mmoja wao alikuwa Ezéchias. Wote walijiandikisha siku hiyohiyo.

Siku ya uchaguzi, Isaro hakuamini mpaka karani alipompa karatasi ya kura.

Baadaye wale tisa, pamoja naye, walimwandikia mbunge wa jimbo lao. Walidai serikali yenyewe iwe inawaandikisha raia wake. Ezéchias alishika kalamu, akasita.

"Na anwani yetu tuiweke?"

"Weka," Isaro alisema. "Na namba ya simu."