Damu Ndani ya Pindo

Siku waliyokutana, alimpasua mdomo. Robota la mitumba lilikuwa limetoka kukatwa kamba, watu wamelivamia kama nyuki, na fundi cherehani akaona koti jeusi likichungulia katikati ya masweta. Akalishika bega. Mtu mwingine akalishika mkono. Akavuta, akavutwa, akarusha kiwiko bila kutazama.

Alipogeuka aliona kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa kama karatasi, damu inamchuruzika kidevuni, naye anacheka.

"Chukua tu, bibie," alisema. "Kwa kiwiko hicho, nikibisha utanivua na shati."

Fundi alimpa kitambaa. Akamweleza kwamba anaanza kukodisha suti na magauni ya sherehe, maana watu mtaani kwake walinunua suti ya kuvaa siku moja, kisha ikaliwa na nondo. Kijana akamwambia yeye ni dobi, na kwamba biashara hiyo bila dobi haitamaliza mwezi.

"Basi utafua wewe," fundi akasema.

"Na mdomo wangu?"

"Utapona."

Haukupona upesi, kwa sababu ulibusiwa mapema mno.

Walianza na suti kumi na mbili na magauni manne, yametundikwa kwenye bomba la maji lililofungwa ukutani. Kioo kirefu, pazia la kubadilishia, cherehani mlangoni. Nguo ikirudi ilipitia kwa dobi kwanza, na dobi alikuwa na kiburi chake: fundi asione doa hata moja. Mchuzi, mafuta, vipodozi, vyote vilimalizikia kwake. Fundi alimtania kwamba ipo siku atamfua na yeye achuje rangi.

Kisha mdogo wake fundi akachumbiwa na kinyozi wa mtaa huo huo. Fundi akampa shemeji yake suti ya kijivu bure, akampunguzia mikono kwa vidole viwili. Wakavishana pete, watu wakapiga picha. Saa kumi jioni kinyozi alimpiga yule binti ndani ya gari kwa sababu alicheka na mpiga picha. Alimpiga kwa ngumi, mpaka taya likavunjika na meno mawili yakatoka. Kinyozi aliwaambia polisi kwamba binti ameanguka kwenye ngazi za ukumbi.

Asubuhi fundi alipiga simu kutoka hospitali. "Ile suti ya kijivu, mpenzi, usiiguse."

"Umechelewa," dobi akajibu kwa furaha. "Ameileta mwenyewe alfajiri. Ilikuwa na damu mikononi. Maji baridi na chumvi, halafu pasi. Hata wewe hutaona kitu."



"Alikupa nini uisafishe?" fundi akauliza.

Hakungoja jibu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa dobi, akaipiga teke pasi ya mkaa, makaa yakatawanyika sakafuni. Alimpiga dobi kwa henga ya mbao ya kutundikia nguo mpaka ikavunjika, akachukua nyingine. Dobi hakuinua mkono. Alijaribu kueleza kwamba hakujua, kwamba alidhani kinyozi ametoka damu ya pua, lakini fundi alikuwa hasikii. Polisi walikuwa wamekwisha kumwambia: bila ushahidi, ni neno la huyu dhidi ya neno la yule, na yule binti hawezi hata kufungua kinywa.

Siku tatu hawakusemeshana. Ya nne, mchana, dobi alisimama mlangoni kwa fundi na koti la ile suti ya kijivu, uso bado umevimba.

"Fumua mikono," alisema.

"Toka."

"Nilipopiga pasi nilihisi kitu kigumu kwenye pindo. Nikadhani ni kifungo. Mshono wako sijawahi kuugusa, unajua. Fumua."

Fundi alichukua wembe. Bandi zake, mishono mirefu ya muda, zilikatika moja moja. Pindo likafunguka. Ndani, mahali ambapo maji hayakufika, kulikuwa na mstari wa damu iliyokauka, na kipande cha jino kidogo kama punje ya mchele.

Fundi alikuwa bado anakitazama kile kipande, mara mlango ukafungwa nyuma yao. Kinyozi alikuwa amemwona dobi akipita na koti mbele ya kibanda chake.

"Shemeji," alisema kwa upole, "nipe hilo koti."

"Sikupi."

Kinyozi alinyanyua kigoda akakipiga kioo kirefu, vipande vikawamwagikia. Dobi alilinyakua koti, akajikunja sakafuni juu yake, juu ya vigae vya kioo, na kinyozi akaanza kumpiga mateke ya mbavu. Fundi alisikia mfupa ukikatika. Alichukua mkasi mkubwa wa kukatia, akauzamisha katika paja la shemeji yake mpaka kwenye mpini.

Majirani walivunja mlango. Polisi waliondoka na koti, jino na kinyozi.

Wodini, dobi alilala amefungwa bandeji kifua kizima. Mdogo mtu, vyumba viwili mbele, alikuwa ameulizwa na polisi kama ni kinyozi aliyempiga, akatikisa kichwa kukubali.

"Nilikuvunjia henga mbili," fundi akasema.

"Tatu."

"Uliikuta damu ukaisafisha. Hukuuliza."

"Sikuuliza."

"Nitakuoa," fundi akasema, na dobi akajaribu kucheka, mbavu zikamkatalia. "Lakini siku nyingine ukikuta damu, uliza ni ya nani."

"Na wewe uulize, kabla ya kupiga."

Fundi alifikiri. Kisha akasogeza kiti, akalaza kichwa upande wake usiovunjika.

"Nitauliza," alisema.